Ana vocha ya nyumba mkononi na bado analala chini ya daraja: naombeni mawazo kuhusu mzee wangu mwanajeshi

#1 Mto_Ruvu · Jumapili 5 Januari 2025

Wakuu, salaam.

Nipo Houston, Texas, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni ustawi wa jamii, upande wa wanajeshi wa zamani wanaolala nje. Hatuwasubiri ofisini. Natoka na mwenzangu alfajiri tunawafuata walipo: chini ya flaiova, nyuma ya maduka, kando ya mito midogo inayokatiza mji. Tunabeba maji, soksi, fomu na simu.

Nina mzee mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Ana miaka sitini na kitu, alikuwa jeshi la nchi kavu, akatoka na cheo cha sajini, kwa hiyo namwita Sajini. Nilimkuta Machi mwaka jana. Miezi mitatu jibu lake lilikuwa moja: "Sihitaji." Mwezi wa nne tangu tujuane akapokea soksi. Wa sita akavua kiatu cha mguu wa kushoto, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake karatasi imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kukatika. Ilikuwa DD-214, cheti cha kutoka jeshini. Bila hicho kila mlango ni mgumu, na alikuwa amekikanyagia miaka yote hiyo.

Tarehe 14 Oktoba akapata vocha ya HUD-VASH. Kwa wasioijua: wizara ya nyumba inatoa vocha, idara ya wanajeshi wa zamani inatoa mtu wa kumfuatilia. Yeye analipa kama asilimia 30 ya kipato chake, kodi inayobaki inalipwa. Ana siku 120 za kutafuta nyumba. Nimempeleka kuona tatu, zote amekataa. Ya mwisho ina kibaraza na jiko jipya. Alifika mlangoni, akatazama ndani, akarudi kukaa kwenye gari. Hakusema kitu mpaka nimemrudisha darajani.

Siku zinaisha 11 Februari. Hanywi, hagombani na mtu, akili yake iko sawasawa. Kazini kila mtu ana jibu lake. Naomba la kwenu.

#2 Nyundo_Nzito

Pole na kazi mkuu. Mbona jibu lipo wazi? Nchi tajiri kuliko zote duniani, halafu nusu ya watu wanaolala barabarani ni wanajeshi wake. Wanatafunwa wakitemwa kama kapi la muwa. Mimi ningekuwa yeye nisingeingia kwenye nyumba ya serikali iliyonitema. Anakataa kwa sababu hawaamini, basi.

#3 Takwimu_Kwanza

Nyundo, hiyo nusu umeitoa wapi? Hesabu ya Januari 2024, ambayo ripoti yake imetoka wiki iliyopita tu, inasema Marekani nzima watu wasio na makazi walikuwa 771,480. Wanajeshi wa zamani humo ni 32,882. Yaani wanne na ushei katika kila mia.

Na kuna jambo la kutazama kwa makini: mwaka 2010 wanajeshi hao walikuwa zaidi ya 74,000. Wamepungua kwa zaidi ya nusu wakati jumla ya wasio na makazi imepanda hadi rekodi. Kwa hiyo kuna kitu wanajeshi wanapata ambacho raia wengine hawapati, na ndicho hicho mleta mada anachokifanya: vocha pamoja na mtu anayekuja kugonga.

#4 Kipepeo254

Niko Minneapolis, mimi ni nesi. Poleni na baridi wote mlio huku.

Mto_Ruvu, mimi naona ni vita iko kichwani. Nimewahi kumhudumia mmoja aliyepata nyumba baada ya miaka sita nje. Godoro jipya hakuligusa. Alilala sakafuni, miguu ikiwa imesukuma mlango, ili mtu akifungua yeye ajue kwanza. Sajini alipigana wapi? Iraq?

#5 Mto_Ruvu

Hakupigana popote, dada. Alikuwa fundi wa malori ya jeshi, Ujerumani, miaka ya themanini. Hajawahi kumfyatulia mtu risasi.

Hili wengi hawalijui. Tukimwona mwanajeshi barabarani tunafikiri moja kwa moja mabomu. Wapo wa mabomu, na wanaumia kweli. Lakini wengi ninaowakuta hawakuona vita. Marekani iliacha kuandikisha watu kwa lazima mwaka 1973, na walioingia miaka iliyofuata wengi walikuwa vijana wa familia maskini waliokimbilia jeshini kutafuta mshahara. Waliingia hawana kitu, na wakatoka hivyo hivyo.

#6 MwanaMvita

Assalam aleikum. Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Nilikuja huku kwa viza ya masomo, ada ikanishinda. 2013 nikaingia jeshi la Marekani kwa mpango wa MAVNI, ule waliokuwa wakichukua wageni wenye lugha wanazozihitaji. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Nilifanyiwa mtihani wa lugha ya mama yangu, nikapita, na mafunzo ya mwanzo yalipoisha nikaapishwa uraia nikiwa na sare mwilini. Miaka minne nilikuwa stoo, nahesabu vifaa.

2017 nikatoka. Ndoa ilikuwa imeshavunjika. Nikawa Killeen, huku Texas, na gari langu, Corolla ya kijivu, nalala humo kwenye maegesho ya supamaketi isiyofungwa usiku. Nililipia jimu ya bei ya chini ili nipate pa kuoga. Kila asubuhi nilikunja blanketi, nikapaka wanja, nikaenda kazini. Hakuna aliyejua. Mama akipiga simu, namwambia niko nyumbani najipumzisha.

Kuna mahali nilikwenda kuomba msaada, sitapataja. Wakaniuliza, "Wewe ni veterani?", yaani mwanajeshi wa zamani. Nikasema hapana. Wallahi nilisema hapana. Mimi kichwani veterani ni mzee aliyepigana Vietnam, mwenye kofia na medali, si mwanamke wa stoo. Wakanielekeza kwingine. Miezi minne mingine ndani ya gari.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa ustawi wa jamii aliyegonga kioo cha gari kwa ukucha, taratibu. Yeye hakuuliza kama mimi ni veterani. Aliniuliza, "Umewahi kuhudumu jeshini, hata siku moja?" Swali hilo ndilo lililonipa nyumba.

#7 Mto_Ruvu

Dada MwanaMvita, asante kwa kutuamini.

Swali hilo sasa tunafundishwa sote kuuliza hivyo. Wanawake wengi wanasema hapana kama ulivyosema wewe. Wanajeshi wa akiba nao wanasema hapana. Na walioondolewa jeshini kwa cheti kibaya, wao hapana yao ni ya aibu. Wengi wa hao wa mwisho mlango wa HUD-VASH ulikuwa umefungwa kwao mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 2021, na wapo wanaoishi bado na jibu walilopewa 2005. Nikimwambia mtu "siku hizi unaruhusiwa", ananitazama kama namuuzia kitu.

#8 Nyundo_Nzito

Takwimu umenikamata, nimekubali, hiyo nusu niliisikia mtaani.

MwanaMvita pole sana dada yangu. Ila niulize kwa nia njema: kwa nini hukurudi Mombasa? Kwa mama chumba si kipo?

#9 MwanaMvita

Chumba kipo, na chai ya maziwa ipo. Lakini nirudi na nini? Mtaa mzima ulijua niko "jeshi la Marekani". Ndugu zangu wawili wanasoma kwa jina langu. Unajua msiba wa mtu aliye hai? Ni ule wa kushuka uwanja wa ndege na begi moja, watu wote wakitazama nyuma yako kuona mizigo mingine iko wapi.

Kaka Nyundo, jina lako zito lakini naona moyo wako laini.

#10 Kipepeo254

Nyundo amepigwa nyundo 😄 karibu tena kaka.

Lakini MwanaMvita amegusa kitu. Labda Sajini naye anaona haya. Aliyekuwa akiamrisha watu leo anafunguliwa mlango na kijana wa miaka thelathini amwonyeshe bafu liko wapi.

#11 Asali_Chungu

Niko Los Angeles, nasomea kazi hiyohiyo. Namuunga mkono Nyundo, si kwenye hesabu bali kwenye suala la kutoamini.

Hapa kuna ardhi ya ekari 388, West LA, ilitolewa mwaka 1888 iwe makazi ya wanajeshi walemavu. Walikaa humo kweli, miaka na miaka. Baadaye majengo yakaachwa, ardhi ikakodishwa: uwanja wa besiboli wa chuo kikuu, viwanja vya michezo vya shule binafsi, maegesho. Mwaka 2020 na 2021 wanajeshi wa zamani walipiga mahema nje ya ua wa ardhi hiyohiyo, barabara ya San Vicente, kila hema na bendera ya Marekani, watu wakapaita Veterans Row. Wako nje ya geti la kwao wenyewe. Walifungua kesi 2011, wakapatana 2015 kwamba nyumba zitajengwa, zikachelewa, wakarudi mahakamani. Septemba 2024 Jaji David O. Carter aliamua kwamba idara ya wanajeshi wa zamani imewakosea na nyumba zijengwe. Idara ikakata rufaa.

Mwongezee na Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Grants Pass ilisema mji unaruhusiwa kumtoza faini mtu anayelala nje hata kama hana pa kwenda. Huyo mzee akisikia "tuna nyumba yako", kwa nini aamini?

#12 Takwimu_Kwanza

Asali uko sawa kwa LA, lakini Houston ni habari nyingine. Juni 2015 Houston ilitangaza kwamba imemaliza tatizo la wanajeshi wa zamani kulala nje, New Orleans ikiwa imetangulia Januari mwaka huohuo.

#13 Nyundo_Nzito

Imemaliza? Sasa Sajini anafanya nini chini ya daraja?

#14 Mto_Ruvu

Swali la haki kabisa, na nilikuwepo mwaka mmoja baada ya tangazo hilo nikaulizwa hivyo hivyo na mtu aliyekuwa amekaa juu ya ndoo. "Kumaliza" hapo maana yake ni kwamba mji una uwezo wa kumpa nyumba kila anayepatikana, haraka, na kila mmoja yuko kwenye orodha kwa jina lake. Haimaanishi hakuna mtu nje. Kila wiki wapya wanaingia: kodi imepanda, talaka, wametoka jela, wametoka hospitali.

Orodha hiyo ya majina ndiyo roho ya kazi. Kila Alhamisi mashirika yote yanakaa meza moja, tunasoma jina baada ya jina: huyu nani anamfuata, kakwama wapi. Jina la Sajini limesomwa wiki kumi na mbili mfululizo tangu apate vocha. Likifika, chumba kinanigeukia mimi.

#15 Pwani_Mchangani

Nimesoma yote. Nauliza kitu kidogo: ana mbwa? Huku Uingereza niliwahi kuona mtu amekataa hosteli tatu kwa sababu ya mbwa wake.

#16 Mto_Ruvu

Swali zuri, huwa ndiyo sababu mara nyingi. Hana mbwa. Ila ana jirani, kijana hivi, mahema yao yanagusana. Kijana si mwanajeshi, vocha haimhusu.

#17 Pwani_Mchangani

Basi ndiyo hiyo. Hawezi kumwacha. Muulizeni kama kijana anaweza kuandikwa kwenye kaya yake.

#18 Mto_Ruvu

Nilifikiri kama wewe, nikamuuliza. Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akasema, "Huyo akikaa na mimi ndani ya kuta nne, wiki moja utakuja kutuzika wote." Kijana mwenyewe ndiye anayemsihi aende.

#19 Mzee_wa_Kyaka

Wanangu, habari zenu. Mjukuu wangu ndiye amenisomea huu uzi, na yeye ndiye anayeandika.

Mimi nilikuwa mgambo. Mwaka 1978 Amin alipovuka mpaka akaingia Kagera tukachukuliwa, tukafundishwa haraka, tukatembea kwa miguu. Aprili 1979 nilikuwa Kampala. Nilirudi nyumbani mzima, hata mkwaruzo sina. Tulipigiwa ngoma, tukachinjiwa.

Baada ya ngoma sikuweza kulala ndani. Nilikuwa natoka usiku nalala mgombani. Sikuwa naota vita, nisiwadanganye. Ndani kulikuwa kunanibana tu, pumzi haifiki. Watu wakasema nimerogwa. Bibi yangu hakusema neno. Kila jioni aliweka mkeka nje, hatua kumi kutoka msonge, na kigae cha moto. Baada ya wiki mkeka ulikuwa hatua nane. Sikuona unavyosogea. Msimu wa senene ulipofika nilikuwa nalala kizingitini, mlango wazi. Ule mlango ulikaa wazi mpaka mwaka mpya, na mbuzi wakaingia wakala mahindi ya mbegu, na bado bibi hakuufunga.

Huyo mnampeleka kwenye nyumba kwa gari, dakika ishirini, na mnataka akubali siku hiyohiyo. Yeye alitembea miaka mingapi kufika hapo darajani?

#20 Mto_Ruvu

Shikamoo mzee. Nimeisoma hii nikiwa kwenye gari, nikaisoma tena.

#21 Mzee_wa_Kyaka

Marahaba mwanangu.

#22 Nyundo_Nzito

Shikamoo mzee wetu, na asante kwa kwenda.

Wakuu, tuseme ukweli, mzee huyu angekuwa Marekani angekuwa na vocha. Hapa nani anawafuata wastaafu wetu walipo?

#23 Takwimu_Kwanza

Tahadhari na neno "mstaafu", linaweza kutuchanganya. Mstaafu wa jeshi la Marekani kwa kawaida ni aliyetimiza miaka 20, ana pensheni ya kila mwezi. Sajini, MwanaMvita na wengi wa walio barabarani walihudumu miaka mitatu, minne, hawana pensheni hiyo. Wakiwa na ulemavu uliotokana na utumishi wanaweza kulipwa fidia, hilo ni fungu jingine. Tuseme "askari wa zamani".

Na kwa wenye fidia: palikuwa na jambo la kusikitisha, kwamba fidia ikiwa kubwa ulionekana una kipato kikubwa mno, ukakosa vocha. Yaani aliyeumia zaidi ndiye anakosa. Hilo limerekebishwa Agosti 2024.

#24 Ssalongo_wa_Mukono

Kutoka Uganda. Nyundo umeuliza nani anawafuata. Kwetu kati ya 1992 na 1995 jeshi lilipunguzwa, askari kama 36,000 wakarudishwa vijijini. Walipewa hela kidogo, mabati, mbegu, jembe. Baba yangu mdogo aliyauza mabati kabla hajafika nyumbani. Watu walimtukana sana. Lakini mabati unaezeka juu ya nini? Alipoondoka alikuwa kijana mdogo, aliporudi ardhi ya babu ilikuwa imegawanywa na jina lake halikutajwa. Alilala stoo ya kahawa ya rafiki yake mpaka akaoa.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na habari ya pumzi kubana, kwa heshima zote mzee. Naona Sajini anajiuliza: hii nyumba iko kwa nani? Jirani ni nani? Nikifa humo nani atajua?

#25 Lushi_Mukubwa

Bandugu, jambo. Miye niko Ohio, natumika usiku mu nyumba ya kutunza bazee. Tuko na basoda (askari) ba zamani mingi. Moja alikuwa nalala ku kiti, hapana ku kitanda, miaka mbili. Tukamuuliza. Anasema: ku kitanda mutu anakukuta umelala, ku kiti anakukuta umeikala. Basi. Hatukumuuliza tena.

#26 Kipepeo254

Lushi, nimekuelewa mpaka kwenye mifupa.

Kwa waliouliza PM jinsi ya kusaidia: mijini mingi huku kuna siku ya Stand Down. Ilianza San Diego 1988, askari wa zamani waliopigana Vietnam wakiwaandalia wenzao. Siku moja au tatu, kila kitu uwanja mmoja: kinyozi, daktari wa meno, hakimu wa kufuta faini ndogondogo, viatu. Mimi hujitolea meza ya miguu. Mwaka jana mmoja alivua soksi iliyokuwa imeshikana na ngozi, tukailowesha maji ya vuguvugu dakika arobaini. Muda wote huo akawa ananisimulia habari za binti yake aliye Oregon. Hakuna fomu ingemtoa hayo maneno.

#27 Asali_Chungu

Mto_Ruvu, Houston imeanguka theluji leo! Sajini yuko wapi?

#28 Mto_Ruvu · Jumatano 22 Januari

Samahani, nimelala saa tatu tu tangu juzi.

Jana Jumanne theluji ilianguka Houston kweli, barabara kuu zikafungwa, mji mweupe kama Kilimanjaro. Vituo vya kujikinga na baridi vilifunguliwa. Tulizunguka usiku wa kuamkia jana kuwaomba watu waingie kwenye mabasi.

Huwa simsogelei mtu upande wa kichwani. Nasimama miguuni, mbali kama hatua nne, naita jina au cheo, nasubiri. Simgusi. Turubai lake lilikuwa limekakamaa, unalisikia likikatika kama karatasi. Nikaita Sajini mara tatu. Kimya. Wakuu, sekunde zile sitaki kuzieleza. Kisha nikasikia: "Nimekusikia ya kwanza."

Alikubali kuja, kijana naye. Kituoni akakaa kwenye kiti karibu na mlango, usiku kucha, koti mwilini (Lushi, nilikukumbuka). Kama saa tisa usiku akaniambia bila kuulizwa: alikuwa na nyumba ya kupanga hadi 2009. Kazi ikapungua saa, kodi ikachelewa. Siku moja ametoka kazini, ufunguo hauingii. Wamebadilisha kitasa, vitu vyake viko kwenye nyasi, mvua imenyesha. Picha za mama yake zilikuwa kwenye boksi la chini.

Akasema, "Nikiwa sina ufunguo, hakuna wa kubadilisha kitasa."

#29 Nyundo_Nzito

Nimeshindwa kuandika hapa dakika kadhaa.

#30 Pwani_Mchangani

Kwa hiyo tumepata jibu. Ni hofu ya kufukuzwa.

#31 Ssalongo_wa_Mukono

Ni sehemu. Wangapi walifukuzwa 2009 na leo wanaishi ndani? Huyu hakuwa na mtu wa kumpokea ile jioni ya kitasa. Tunarudi palepale kwangu.

#32 MwanaMvita

Na mimi nasema bado haya imo. Hakusema hayo mwaka mzima, amesema saa tisa usiku kwenye giza.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa: Mto_Ruvu, Sajini ni mweusi? Maana kati ya wanajeshi wa zamani wasio na makazi, weusi ni kama theluthi, wakati kwenye wanajeshi wote wa zamani ni kama mmoja kati ya wanane. Kitasa hakibadilishwi kwa kila mtu kwa haraka ileile.

#33 Mto_Ruvu

Ndiyo dada, ni mweusi. Na nyumba ya kwanza tuliyokwenda, mwenye nyumba alikuwa mchangamfu kwenye simu. Alipotuona wawili tukishuka kwenye gari, chumba kikawa "kimechukuliwa asubuhi". Niliwaambia hapo mwanzo kwamba Sajini alikataa nyumba tatu. Nisahihishe: alikataa mbili, moja ilimkataa yeye. Sijui kwa nini niliihesabu kwake.

#34 Takwimu_Kwanza

Heshima kwa kusahihisha. Vipi siku 120? Omba nyongeza kwa maandishi kabla ya tarehe 11, eleza ulichofanya na hiyo nyumba iliyowageuka. Wanaruhusiwa kuongeza.

#35 Mto_Ruvu · Ijumaa 7 Februari

Wakuu, mrejesho. Barua ya nyongeza imepelekwa, nilifuata ushauri wa Takwimu.

Wiki ya mwisho ya Januari tulikuwa kwenye hesabu ya kila mwaka. Unauliza kila mtu swali moja: usiku ule ulilala wapi? Nilipomfikia Sajini nikaandika "chini ya daraja", akatazama karatasi yangu, akauliza, "Hiyo inakwenda Washington?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Andika vizuri, basi."

Jumanne hii nikamletea chai. Nilifanya kama mzee wa Kyaka, sikutaja nyumba. Tukakaa. Akaitaja yeye. Akataka kuiona tena ile yenye kibaraza, ila usiku. Nikamwomba mwenye nyumba, huyu ni mtu mwema, akakubali. Saa mbili usiku tulikuwa pale. Hakuingia. Alisimama kwenye maegesho, akahesabu taa, akasikiliza. Kuna mtu ghorofani alikuwa anapika vitunguu. Akauliza dirisha lipi ni la chumba hicho, akalitazama muda mrefu. Kisha akaomba nimrudishe.

Kwenye gari akaniuliza, "Nikipewa ufunguo, unaweza kukaa nao wewe kwanza?"

Nikamwambia nitamjibu Jumanne ijayo, maana kazini kuna taratibu za kutunza vitu vya wateja, na sitaki kumwahidi nisichoweza.

#36 MwanaMvita

Pigania hilo kazini kwako. Mimi ufunguo wangu ulikaa kwa yule mama siku nne. Nililala kwenye Corolla chini ya dirisha langu mwenyewe, siku ya tano nikamwambia naomba.

#37 Ssalongo_wa_Mukono

Anayepika vitunguu ni nani? Umejuana naye?

#38 Mto_Ruvu

Bado. Jumatatu nitakwenda kumgongea.

#39 Mzee_wa_Kyaka

Mjukuu wangu anauliza kama mlango wa hiyo nyumba unaweza kuachwa wazi mchana.

#40 Mto_Ruvu

Iko chini, mzee, na kibaraza kina wavu wa mbu. Unaweza.